Kambare Walionijia

Walisema mtoto wa kando ya Mto Tana kama mimi hataendesha hata mkokoteni. Nimerudi na diploma yangu, na nimeendesha magari ambayo wao huyaona kwenye simu tu. Muda mfupi kabla ya kurudi, sebuleni kwa madam niliyekuwa nikimwendeshea gari, mtaa wa Al-Safa, Jeddah, niliona samaki wake wamejibanza kona moja ya tangi la kioo. Bosi, mume wake, alikuwa ametia samaki mpya mwenye meno.

Nikasikia tena harufu ya matope ya utotoni. Mjomba alikuwa amenipeleka kwa mtumbwi ndani kabisa ya msitu, kwenye ziwa dogo ambako hata ndege hawakulia. Kambare walikuwa tele, wakigonga ubavu wa mtumbwi. Kila ndoana ilirudi na samaki. Niliimba, nikidhani wamenijia mimi.

"Mjomba, si nilikwambia nina bahati?"

"Toa mkono majini, mpwa wangu."

"Kwani kuna mamba?"

"Usimtaje!"

Kwetu yule hatajwi mtu akiwa juu ya maji. Mjomba alianza kuwatupa samaki wetu mbali, upande wa kulia, huku akipiga kasia taratibu kuelekea kushoto. Nililia, nikaona ananionea wivu.

Nyuma yetu maji yakapasuka, pale tulipokuwa tumetulia.

"Sasa imba," mjomba akasema bila kugeuka.

Nikaokota kambare wa mwisho, nikamtupa mwenyewe upande wa kulia; hawakunijia mimi, walikuwa wakimkimbia yule.