Nyumba ya Ihanda Yenye Ukuta Katikati

Mwingereza mwenye shamba la kahawa aliijenga nyumba hii kwa matofali ya kuchoma, kuta nene, na madirisha akayapandisha juu hata mtu mrefu asione nje. Katikati akapitisha ukuta: wanaume kushoto, wanawake kulia. Babu na bibi yangu walikaa humo wakiwa vibarua wake. Walikuwa wamefunga ndoa kanisani, lakini walionana Jumapili tu, uani, msimamizi akiwatazama kutoka chumba cha kati chenye dirisha kila upande. Bibi aliingia humo akiwa na mimba, na baba akazaliwa upande wa wanawake. Alipoanza kung'oka meno ya utoto akahamishiwa kwa wanaume, na usiku akawa anamsikia mama yake akikohoa ng'ambo ya ukuta.

Siku hizi ni makazi ya wazee. Wamepaka rangi ya maziwa, wamepanda maua mlangoni, na wageni wanapiga picha wakilisifu jengo la kihistoria. Nikisikia hivyo natamani kumtukana mtu.

Mwaka huu kaka zangu wawili waliitisha kikao. Baba haoni vizuri, mama magoti yamekwisha, shamba la Itaka halina wa kulilima. Wakasema kule Ihanda watatunzwa. Kila mmoja alikuwa na sababu zake, na mimi, mfanyabiashara wa mpakani Tunduma, nilikuwa na zangu. Wanasema mzazi mmoja hulea watoto kumi, watoto kumi wakashindwa kumlea mzazi mmoja. Nilidhani wanasemwa watu wengine. Nilidai jambo moja tu, wazee wasitenganishwe, na kaka mkubwa akaniapia.

Tulipofika, mhudumu alichukua begi la mama akaelekea nalo kulia. Nikamwambia hawa ni mume na mke, wamelala kitanda kimoja tangu sijazaliwa.

"Pole, dada. Nyumba ndivyo ilivyojengwa. Watakuwa wanaonana uani."

Nikamgeukia kaka mkubwa. Alikuwa anaangalia simu yake. Nilimchukia, nikajichukia zaidi.

Mama alianza kulia bila sauti. Baba alikuwa amemshika mkono.

"Mwanangu," akaniambia, "kwako Tunduma vyumba ni vingapi?"

"Vinne, baba. Vitatu nimejaza magunia ya mchele."

Akaitikia kwa kichwa, akauachia mkono wa mama.