Kigari Kisicho na Breki

Naomba nisimulie mwenyewe, maana Bariadi nzima inaijua habari hii na kila mtu anaisimulia anavyotaka, wengine wanasema niligaagaa, wengine wanasema nililia mpaka mnada ukasimama (sikulia, pamba ilikuwa imeniingia machoni), na yupo mama mmoja kule kwetu Malampaka, ambaye siku hiyo hakuwepo kabisa, lakini ukimsikia utadhani ndiye aliyeanguka. Aibu ni yangu, sasa mbona wengine ndio wanaifaidi?

Wakati huo nilikuwa nafundisha shule ya msingi, na mtoto wangu wa kwanza, Maduhu, alikuwa ndiyo kwanza anashika stuli na kujaribu kusimama. Ilikuwa ile miaka ambayo kila kitu kilifunguliwa kwa mpigo, wanunuzi binafsi wa pamba wanaingia na malori yao kila msimu, maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu sasa yana sabuni za kila rangi, mitumba inashushwa kwa marobota kutoka Mwanza. Mimi shida yangu ilikuwa moja. Msichana wangu wa kazi alikuwa ameondoka kwenda kuolewa, hata kuaga hakuniaga, ikabidi Maduhu awe anabaki kwa jirani asubuhi nikienda shule, mchana namchukua. Hakuna ubaya, si ndiyo? Basi habari ikasafiri mpaka Lalago kwa wakwe zangu, na kila ilipopita ikaongezwa chumvi, ilipofika ikawa mtoto anashinda na njaa, anakula udongo, mama yake hana habari naye.

Baba mkwe akatuma ujumbe kwa dereva wa lori la pamba. "Jumamosi ya mnada nakuja. Nikimkuta mjukuu wangu anateseka, narudi naye."

Niwaambie ukweli, kwetu mtoto kulelewa na babu na bibi si jambo la ajabu, mume wangu mwenyewe alilelewa hivyo hivyo, na wengi wetu. Lakini mimi sikutaka. Huyu alikuwa mtoto wangu wa kwanza, nilikuwa nikimaliza kipindi cha mwisho natembea haraka mpaka walimu wenzangu wananicheka. Nikamwambia mume wangu aongee na baba yake. Mume wangu (mtu mzuri, simsemi vibaya, ila mbele ya baba yake anakuwa hana ulimi) akajikuna kichwa akasema, "Sasa ni baba, mimi nimwambie nini?" Nikaona hapa hakuna mtu wa kunisaidia.

Ndipo likanijia lile wazo. Mke wa meneja wa kampuni moja ya pamba alikuwa na kigari cha kumsukumia mtoto, alikuja nacho kutoka Dar es Salaam, na mimi nikajiambia, huyu mama mtoto wake anashinda na msichana wa kazi kutwa nzima na sijasikia hata mtu mmoja akisema apelekwe kijijini. Kwa nini? Kwa sababu ya kigari! Mtoto aliye ndani ya kigari anaonekana ana wenyewe. (Cheka, cheka, mimi mwenyewe sasa hivi nacheka, lakini siku ile niliona nimegundua jambo kubwa.)

Nikaenda kwa kijana mmoja anayeuza mitumba pale sokoni, nikamkuta anavyo vigari viwili, vimetoka kwenye robota moja na bei yake ni moja. Cha kwanza kilikuwa cha kijivu, kimepauka, magurudumu makubwa ya mpira, kiti kigumu, sura yake mbaya kweli. Yule kijana akakanyaga kichuma kwa nyuma, akakisukuma kwa nguvu zake zote, hakikusogea hata kidogo. Cha pili, jamani! Bluu, kina maua, kina kipaa chenye lesi pembeni ya kumkinga mtoto na jua, na magurudumu madogo yanayong'aa.

"Mwalimu, chukua hiki cha kijivu," yule kijana akasema. "Hicho cha maua breki yake imekatika, ona, kimebaki kipande tu."

Na mimi, mwalimu niliyesoma chuo, nikamjibu, "Breki ya nini, kwani naendesha basi?"

Akanifungia. Mume wangu alipokiona alisema tu kwamba mbuzi angekuwa na faida zaidi.

Jumamosi ikafika. Nilimwogesha Maduhu, nikampaka mafuta mpaka anateleza, nikamvalisha soksi (soksi! kiangazi hicho, jua la saa nne), nikamfunga na kimkanda cha kigari, nikatoka. Mpango ulikuwa nimpokee baba mkwe stendi. Ningeweza kupita njia ya nyuma, fupi na tambarare, lakini nilikuwa nimenunua kigari ili kionekane, kwa hiyo nikapita katikati ya watu wa mnada, nimenyoosha shingo. Magurudumu yale madogo kila jiwe lilikuwa taabu, kila kibonde lazima ninyanyue, jasho linanitoka, nguo niliyoipiga pasi imenata mgongoni, na nyuma yangu kundi la watoto linafuata likishangilia. Bibi mmoja aliyekuwa anauza karanga akanisimamisha.

"Mayu," yaani mama, "mgongo wako umepatwa na nini?"

"Mzima tu, bibi."

"Sasa mbona mtoto umempakia kwenye toroli?"

Watu wakacheka, nikakaza uso nikaendelea. Maduhu yeye alikuwa anafurahi, anapiga makofi, na hiyo ndiyo ilinipa moyo, nikasema baba mkwe akimwona hivi mambo yameisha.

Sasa pale barabara inapoanza kuteremka, nani namwona anapanda kutoka chini? Baba mkwe. Kumbe basi limewashusha kabla ya stendi. Amevaa koti lake la heshima, fimbo mkononi, na pembeni yake dada yake, Shangazi Kabula, na nilipoona kifuani pa Shangazi Kabula roho ikashtuka, maana alikuwa ameshajifunga khanga ya kubebea mtoto, imekaa tayari, bado mtoto tu. Yaani hawakuja kuangalia. Walikuja kuchukua.

Nikajiambia tulia, salimia vizuri, waone una adabu. Na ninyi mnajua mtoto wa kike wa Kisukuma amelelewaje, mama yangu alinifundisha tangu sijaota meno ya ukubwani kwamba ukikutana na mkwe unaweka chini ulichobeba, kiwe ndoo, kiwe kuni, unapiga goti, mikono yote miwili inaonekana, hata kama ni njiani, hata kama ni kwenye tope. Mwili wangu ulikuwa umezoea, haukusubiri niufikirie. Mtoto akiwa mgongoni unapiga goti naye, anakwenda chini na wewe, anapanda na wewe, hakuna tatizo. Nikaachia kile kigari, nikapiga goti, nikainamisha kichwa, nikatoa salamu yetu ya asubuhi.

"Mwangaluka, baba."

Sikusikia jibu. Nilisikia krrrrr ya magurudumu.

Nilipoinua kichwa kigari kilikuwa kimeshawapita wakwe zangu katikati, kipaa kinapepea, na Maduhu amenyanyua mikono juu anacheka kwa sauti. Shangazi Kabula akapiga ukelele, "Ng'wana wane, mwanangu!" Mimi nikaruka, baba mkwe naye akageuka akaanza kukimbia (mzee yule, na koti lake, sikujua kama ana mbio zile), na mnada wote ukaacha ng'ombe ukatugeukia sisi. Yale magurudumu yaliyokuwa yanakwama kwenye kila kijiwe, kwenye mteremko yalikwenda kama yamepakwa mafuta. Nilikuwa nakimbia huku nasema Mungu wangu, Mungu wangu, nachukia kila kitu, yale maua, ile lesi, mke wa meneja, mimi mwenyewe.

Chini ya mteremko kulikuwa na mmoja wa wale wanunuzi wapya wa pamba, hakuwa hata na ghala, alikuwa na mizani tu na turubai kubwa kando ya barabara, na juu ya turubai kilima cha pamba inayosubiri kufungwa. Kigari kikaingia humo. Kikazama mpaka kwenye kipaa, kikasimama. Nikashukuru, ila nilishukuru mapema, maana baba mkwe alikuwa mbele yangu na alikuwa amerusha fimbo yake kuzuia gurudumu, fimbo ikakosa ikabaki njiani, nikaikanyaga, nikapepesuka, nikashika kitu cha kwanza kilichokuwa karibu. Kilikuwa koti la baba mkwe. Tukaenda wote wawili, yeye chini, mimi juu, ndani ya pamba, mbele ya mnada.

Kwa asiyejua: kwetu mkwe na mkamwana hatugusani hata mikono. Hatukai mkeka mmoja. Akipita mimi napisha. Na sasa nilikuwa nimemlalia.

Halafu kutoka chini ya pamba nikasikia sauti ya yule mzee, imebanwa, ikijibu kama kawaida, "Mwangaluka, mayu."

Watu walivyocheka sitaki hata kueleza. Mnunuzi naye akaja mbio, hajali mtoto, hajali mzee, anapiga kelele, "Pamba yangu ilikuwa safi, mmeifanya fifi!" (safi ni daraja la kwanza, fifi ni ile chafu ya bei ya chini), ananionyesha alama za viatu vyangu kana kwamba nilikwenda pale kwa kupenda. Maduhu tulimtoa ana pamba kichwani, masikioni, mdomoni, hana hata mchubuko, anataka kurudi humo.

Tulifika nyumbani. Shangazi Kabula alikuwa ameshamfunga mtoto mgongoni, hakuniuliza, na alipoingia ndani alianza moja kwa moja kukusanya nguo zake. Mume wangu, aliyekwisha kusikia habari kabla hatujafika, alikaa pembeni anatazama sakafu. Baba mkwe alikaa kwenye kiti anatoa pamba kwenye koti lake, moja moja, taratibu.

"Basi la mchana litatuacha," Shangazi Kabula akasema. "Mmeona wenyewe. Mtoto kidogo afe."

Hapo ndipo nilipochoka. Sijui ujasiri ulitoka wapi, labda nilishaaibika kiasi kwamba hakukuwa na cha kupoteza isipokuwa yule mtoto. Nikasema kwa sauti, mbele ya mkwe wangu, nimesimama.

"Baba, nilikiachia kigari kwa ajili yako! Ningekaa nimeshika kigari nikusalimie nimesimama, mngesema nini? Mngesema mwalimu ana kiburi, hafai kulea. Nimepiga goti, mnasema sifai kulea. Sasa nifanye lipi?"

Mume wangu akanitazama kana kwamba nimevua nguo. Nikajua nimeharibu, mtoto ndiyo basi. Shangazi Kabula akafungua mdomo, lakini baba mkwe akanyanyua mkono.

Akamaliza kwanza pamba ya mkono mmoja.

"Anasema kweli," akasema. "Aliniheshimu mimi akamwacha mtoto. Heshima hiyo siitaki. Kabula, mfungue mtoto, mpe mama yake."

"Kaka..."

"Mpe mama yake." Halafu akaongea na mimi huku anatazama ukuta, kama mkwe anavyotakiwa. "Mayu, siku ukiwa na mtoto mikononi, usinisalimie. Hata nikija na wazee wenzangu. Nikiuliza kwa nini hukusalimia, niambie mimi mwenyewe ndiye niliyekukataza. Na lile la kwenye pamba halikutokea."

Nikampokea Maduhu akiwa amelala, mzito, ananuka mafuta na vumbi, nikaenda naye nyuma ya nyumba, na huko ndiko nilikolia, kwa hiyo wanaosema nililia hawajakosea sana, wamekosea mahali tu. Kigari mume wangu alimpa mtu akabebee madumu ya maji.

Ila lile la kwenye pamba halikukubali kutokutokea, mnaliona, ninyi wenyewe mmekuja kuniomba nilisimulie. Siku ile, huko nyuma ya nyumba, niliapa kwamba sitamwachia tena mtoto kwa ajili ya salamu, na kiapo hicho sijakivunja. Wanangu wamekua, sasa nabeba wajukuu na watoto wa majirani, na nikiwa na mtoto mikononi akapita mkuu wa shule, akapita mchungaji, akapita mkwe yeyote, nasalimia nimesimama, mikono yangu iko kwa mtoto. Wanaosema yule mwalimu ana kiburi, waendelee kusema.