Ngozi Ngumu ya Shafti ya Namnyaki

Saa mbili asubuhi, Sironka ole Lemburis amechuchumaa nyuma ya soko la Arusha, macho hayabanduki kwenye sanduku la chuma lililozikwa katika makaa. Ndani mna shafti moja tu, fimbo ya chuma, urefu wake kama mkono kutoka kiganja hadi kiwiko. Wenye shafti ni familia kumi na nne za mlimani Meru, na kahawa yao imeiva.

"Nikifungua mapema, nimeharibu. Nikichelewa, nimeharibu," anasema mhunzi huyu wa miaka arobaini na mitano, bila kugeuka. "Na leo kuna jambo jingine linaninyima raha."

Shafti hiyo hubeba ngoma ya mashine ya kumenyea kahawa, ile ya kuzungushwa kwa mkono. Ya kwanza ilipokatika, Sironka alifua nyingine. Ikalika kwa siku tisa tu, ngoma ikaanza kuyumba, na mashine ikawa inaponda kahawa badala ya kuimenya.

Tangu jana mashine imesimama, na shafti hiyo hiyo imerudishwa kwa Sironka aisawazishe na kuiimarisha. Madebe sitini yaliyokwisha kuchumwa yako kivulini, na kahawa mbivu haina subira. Isipomenywa leo, kesho inachacha na jasho la msimu mzima wa 1956 linakwenda na maji.

Dawa aliyoijua Sironka katika karakana ya jeshi, wakati wa vita, ni kukivika chuma ngozi ngumu. Huzika shafti sandukuni pamoja na mkaa uliosagwa na kwato zilizochomwa, anazookota machinjioni. Hukandika sanduku udongo hewa isipite, kisha huliacha motoni kwa muda wa saa saba, likiwa jekundu kama kahawa mbivu.

"Chuma kinakula mkaa pole pole, lakini juu juu tu," anaeleza. "Ukikitumbukiza majini, ngozi inakuwa ngumu, moyo unabaki laini. Kikiwa kigumu chote, kinakatika."

Ndiyo maana ncha inayofungwa nati ni nyembamba na hairuhusiwi kuwa ngumu. Huipaka udongo ili mkaa usiiguse. Na hapo ndipo penye balaa.

Sironka ni wa ukoo wa wahunzi. Waarusha na Wamaasai wengi hawapokei chuma mkononi mwa mhunzi kabla ya kujipaka mafuta kiganjani, wakiogopa mkosi. Namnyaki, bibi wa miaka sitini na kitu ambaye mashine iko nyumbani kwake, alipoipokea shafti hii ilipofuliwa, hakuishia kiganjani. Aliipaka yote mafuta ya kondoo, hata penye nati. Mwoga hana nusu!

Leo alfajiri, sanduku likiwa tayari motoni, Sironka alinusa vidole vyake, vikanuka mafuta ya kondoo.

"Nilifuta shafti nzima, lakini kwenye mikato inayoshika nati sikufuta vizuri," anasema. "Udongo haushiki penye mafuta."

Saa nne Namnyaki anawasili kwa miguu, pembe ndogo ya mafuta ikining'inia kiunoni. Anaelezwa. Anakaa chini kando ya makaa.

"Kwa hiyo ni mimi nimeiua kahawa ya watu?" anauliza.

"Bado, Yeyo," Sironka anamjibu, akimwita mama kwa Kimaa. "Tungoje."

Kungoja huko ni adhabu. Hata mwandishi wa habari hii, asiye na mti wa kahawa hata mmoja, alijikuta akiuma kucha.

Saa saba mchana Sironka anavunja udongo na kuchomoa shafti. Udongo wa ncha umebanduka. Hana nafasi ya kulalamika, anaitumbukiza majini papo hapo. Kisha anachukua tupa kupima ugumu wake. Mwilini mwa shafti tupa inateleza bila kukwaruza, ndivyo itakiwavyo. Kwenye ncha inateleza pia.

"Nilichokiogopa," anasema kwa sauti ndogo. "Nati ikikazwa, itakatika."

Limebaki jaribio moja: kuipasha moto ncha peke yake mpaka ilainike. Lakini joto likipanda mwilini, ngozi yote inaharibika. Anaufunga mwili wa shafti kwa gunia lililolowa, ncha pekee ikiwa ndani ya makaa. Mtu wa kumwagilia gunia ni Namnyaki, naye anamwaga kwa pupa hadi maji yanamlowesha khanga.

"Mwaga, Yeyo! Usiache!"

Ncha inageuka buluu, kisha kijivu. Sironka anaitoa, anaiacha ipoe, anashika tupa tena. Safari hii inakwaruza. Anajaribu mwilini. Inateleza. Anafuta jasho kwa mkono wa shati na kumnyooshea bibi shafti.

Namnyaki anatazama pembe yake, haigusi. Anapokea kwa mikono mikavu.

"Naogopa," anakiri. "Lakini naogopa zaidi ile kahawa kuoza."

Jioni, mlimani, majirani wanasogea karibu nati ikikazwa. Inashika. Ngoma inazunguka bila kuyumba, na debe la kwanza linapita, kahawa safi ikimwagika upande mmoja na maganda upande mwingine. Sironka amesimama kando ya ua, sikio lote kwenye mashine.

"Ikivuka msimu huu, nitawafulia nyingine ya akiba," anasema. "Nami nitaomba jambo moja: muipokee hivi hivi, mikono mikavu."

Namnyaki anafungua pembe, anainama, na kumimina mafuta yote mahali shafti inapozungukia.

"Kumbe mafuta haya yalikuwa ya hapa," anasema. "Zungusheni."