Asmus Aliyepungua kwa Ajili ya Farasi

Jirani yangu Asmus Thaysen hakuwa mtu wa kujitazama kwenye kioo. Kazi yake ilikuwa kuendesha lori la maziwa, akizunguka mashamba yetu ya kusini mwa Jutland tangu alfajiri, na kila shamba lilikuwa na mtu wa kumkaribisha kahawa na kitu cha kutafuna. Tumbo lake lilikua hivyo, taratibu, kwa ukarimu wa watu. Ukimtania alilipigapiga na kukujibu, "Hili ni la kijiji kizima, mimi nalibeba tu."

Kilichomuumiza hakikuwa tumbo. Kilikuwa farasi.

Alikuwa na farasi jike wa kahawia aitwaye Stella, aliyemlea tangu siku alipozaliwa zizini kwake. Kila kiangazi kijiji chetu hufanya mashindano ya pete. Mpanda farasi anapita mbio chini ya kamba yenye pete ndogo inayoning'inia, na anajaribu kuichoma kwa mkuki. Anayechoma nyingi kuliko wote ndiye mfalme wa mwaka huo, na wawili wanaomfuata nao hupewa vyeo vyao. Asmus hakuwahi kuwa mfalme, na sidhani kama alijali. Alichopenda ni zile pumzi chache za mbio, yeye na Stella, suruali nyeupe na koti jeusi, watu wakipiga kelele.

Vuli ile daktari wa wanyama alikuja kuangalia mgongo wa Stella. Nilikuwa bustanini kwangu nikiokota tufaha, na uzio wetu ni mfupi, kwa hiyo msiniulize nilisikiaje.

"Huyu mama mgongo umechoka," daktari alisema.

"Mpe dawa basi."

"Dawa ni wewe kumshuka, Asmus."

Asmus alicheka. Daktari hakucheka. Alimweleza kwamba Stella amezeeka, na kiangazi kinachokuja ndicho cha mwisho anachoweza kumbeba mtu, tena mtu mwepesi. "Si wewe. Kwa uzito huo utamvunja."

Daktari alipoondoka, Asmus alibaki zizini na paji la uso wake limegusa shingo ya farasi. Sijui alimwambia nini. Nilirudi ndani, maana kuna mambo hata jirani mwenye uzio mfupi hapaswi kuyasikiliza.

Kujaribu kupungua alikuwa ameshajaribu. Supu ya kabichi ilimfanya anuke, na nyumba nzima ikanuna. Viatu vya kukimbilia walivirithi paka. Kila alipopungua kidogo alirudi pale pale na nyongeza. Mkewe Metha ndiye aliyemsukuma kwa Daktari Lauritsen, mwanamke wa maneno machache anayekutazama mpaka useme kweli.

"Mwili wako una homoni inayouambia ubongo kwamba umeshiba," alimwambia. "Kwako wewe sauti yake ni ndogo. Hii sindano itaipaza."

"Kwa hiyo miaka yote hii tumbo langu linasema limeshiba, mimi sisikii?"

"Lilikuwa linanong'ona."

"Basi nipe dozi kubwa, daktari. Farasi ananisubiri."

"Hapana. Tunaanza na ndogo, tunapandisha polepole, na kila mara unakuja hapa nikupime damu na nisikie tumbo linasemaje. Utakula mayai, samaki na maharage, na utafanya mazoezi ya nguvu. La sivyo misuli itaondoka pamoja na mafuta, na farasi atabeba gunia."

Neno hilo la gunia lilimchoma kuliko sindano yenyewe. Kuanzia wiki ile, kila pampu ilipokuwa inavuta maziwa kutoka shambani kuingia kwenye lori, ungemwona Asmus pembeni anachuchumaa na kuinuka, anachuchumaa na kuinuka, uso umeiva kama nyanya. Wakulima walitoka na watoto wao kuja kutazama.

Siku moja alisimama kwenye uzio wangu, kofia mkononi, anataka kusema kitu na hajui aanzie wapi.

"Kathrine," alisema, "kelele zimekwisha."

"Kelele gani?"

"Za chakula. Nilikuwa naendesha lori nawaza soseji. Nikila soseji nawaza keki. Nikila keki nawaza chakula cha jioni. Sasa naendesha lori na... nawaza barabara tu." Machozi yalimlengalenga. "Hivi nyinyi wengine mnaishi hivi kila siku?"

Nilimfahamu tangu ujana wetu na sikuwahi kujua kwamba kichwani mwake kulikuwa na soko.

Tatizo ni kwamba habari ya sindano alikuwa amenificha hata mimi mpaka siku ile, na kijiji kizima bado alikificha. Aliona aibu. Alidhani wenzake wa chama cha wapanda farasi wangesema amepita njia ya mkato. Na huku kwetu ukificha jambo kama hilo, lazima siku moja utaalikwa kwenye meza ya kahawa.

Meza ya kahawa ya kusini si kikombe na kipande. Ni keki laini saba na biskuti za aina saba, kila moja imeokwa na mwanamke aliyeketi palepale anaangalia sahani yako. Unaanza na mikate mitamu, unapanda kwenye keki za krimu, unamalizia na vikavu, na kuruka hata kimoja ni sawa na kumwambia aliyekioka kwamba hajui kazi. Dada yake Asmus, Ingeborg, aliandaa meza hiyo mwezi wa pili, siku yake ya kuzaliwa, na keki yake ya mkate mweusi na krimu ilikuwa na urefu wa kofia ya askari.

"Kula, kaka, umekonda kama mwenye minyoo!" alimwambia, akimkatia kipande cha kumzamisha ng'ombe.

Asmus alikula. Alikula cha Ingeborg, akala cha jirani yake, akala changu pia, jasho linamtoka, anatabasamu kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Alifika mpaka biskuti ya mwisho. Kisha akatoka nje kwa adabu zote, na theluji ya bustani ya Ingeborg ikapokea zawadi zote za siku ya kuzaliwa.

Alilala kitandani, hali kitu, hata maji hayakai tumboni. Daktari Lauritsen alikuja mwenyewe nyumbani.

"Dawa hii inafanya tumbo limwage chakula polepole," alisema. "Wewe umelijaza kama lori lako. Sasa dozi haipandi. Tunasubiri mpaka tumbo litulie."

"Tunasubiri? Mashindano ni mwezi wa saba!"

"Najua ni lini. Tunasubiri."

Alipoondoka, Asmus aligeukia ukutani. "Nimempoteza Stella kwa ajili ya biskuti," alisema, na Metha, aliyekuwa amesimama mlangoni na bakuli la supu, alisikia.

Sasa niseme kuhusu Metha. Tangu sindano ianze, alikuwa na kinyongo kidogo. Miaka yote alimlisha mtu huyu kwa mikono yake, na ghafla mtu anasukuma sahani nusu na kusema asante. Alikuwa amenilalamikia jikoni kwangu: "Sijui nimpende kwa njia gani sasa." Lakini sauti ile ya ukutani ilimgeuza. Alishuka ngazi, akachukua simu, akaalika watu wote waliokuwa kwa Ingeborg waje kwake wiki mbili baadaye.

Tulifika tumejiandaa kwa vita. Mezani zilikuwepo keki zote na biskuti zote, hakuna iliyokosekana, ila kila moja ilikuwa imekatwa vipande vya ukubwa wa kidole gumba. Ingeborg alitazama sinia kana kwamba panya wamepita.

Metha alisimama, kisu bado mkononi.

"Mume wangu anachoma sindano ya kupunguza uzito, kwa daktari. Anataka kumpanda Stella kiangazi hiki, kwa sababu kingine hakipo. Hatajificha tena, na hatatapika tena kwa ajili ya adabu ya mtu. Anayetaka kucheka acheke sasa, kahawa ikiwa bado ya moto."

Asmus alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Ndipo Jes Bonde, mwenyekiti wetu wa wapanda farasi, mzee mkali asiyependa mzaha, akakohoa.

"Mimi nachoma hiyohiyo tangu Krismasi," alisema.

"Wewe!" mkewe alishtuka. "Uliniambia ni vitamini!"

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Jes na Asmus wakaanza kuulizana habari za kichefuchefu na choo kigumu hapohapo mezani, kama wanawake wanaobadilishana mitindo ya kufuma, na hakuna aliyewakataza. Ingeborg alichelewa kulainika. Lakini alipomaliza kipande cha mwisho alikaa akashusha pumzi na kusema, "Ndiyo mara ya kwanza nafika mwisho wa meza na bado naweza kufunga mkanda." Kaka yake alimbusu kwenye paji la uso.

Baada ya hapo dozi ilipanda tena, kwa mwendo wa daktari, si wa Asmus. Uzito ulishuka, ukasimama, ukashuka. Metha alijifunza kupika samaki, kidogo lakini vizuri, kisha wakaanza kutembea pamoja jioni, jambo ambalo sikuwahi kuliona tangu waoane. Ile suruali nyeupe aliishona upya mara mbili.

Mwezi wa sita daktari wa wanyama alimsimamisha Asmus kwenye mizani ya ndama, tandiko mikononi. Metha alinishika mkono mpaka ukafa ganzi. Daktari alitazama mizani, akamtazama Stella, akampapasa mgongo kwa muda mrefu sana.

"Mpande," alisema. "Siku hiyo moja."

Na siku hiyo ilikuwa na jua. Asmus alipanda bila kushikwa na mtu. Stella alihisi kilicho mgongoni, akasimamisha masikio, na ishara ilipotolewa aliondoka kama binti. Asmus, aliyezoea mwendo wao wa zamani, aliinua mkuki wakati pete imeshapita. Raundi ya pili vilevile.

"Asmus!" Jes alipiga kelele. "Mwambie farasi akusubiri!"

Uwanja mzima ulicheka, na yeye alicheka kuliko wote, mdomo wazi akienda mbio. Kisha akamwelewa Stella. Akaanza kuchoma, moja, nyingine, nyingine tena, mpaka mchana ulipoisha alikuwa amelingana na Signe, binti wa saluni, kwenye nafasi ya tatu. Ikabidi washindane tena, pete ndogo zaidi, mmoja apate cheo.

Signe alipita, akaikosa. Palikuwa wazi: Asmus akichoma hii, cheo ni chake. Alimpeleka Stella mpaka kwenye mstari, akainama, akasikiliza pumzi zake. Kisha akashuka.

"Zamu yako," mwamuzi alisema.

"Najua." Alimkabidhi mwamuzi mkuki. "Amenibeba miaka yote nikiwa mzito na hakunikatalia hata siku moja. Leo aliyechoka ni yeye."

Alilegeza mkanda, akalitoa tandiko mgongoni mwa Stella, akaliweka begani kwake. Bendi haikujua ipige au inyamaze, ikaamua kupiga. Asmus alishika hatamu akaanza kutembea kwenda nyumbani, barabara yote ile ndefu, kifua mbele, huku sisi tukipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Metha alitoka kwenye viti akawafuata, akashika upande wa pili wa farasi, na kati ya wale watatu hakuna aliyekuwa na haraka.