Koti la Kiitaliano la Bwana Harusi

Mume wa dada yangu ni fundi suti, na kwa ubishi hana mpinzani. Kwake koti lilikuwa la Kiingereza tu: kifua kigumu chenye kanvasi ndani, mabega yaliyojazwa pedi, mipasuo miwili nyuma. Koti la Kiitaliano, jepesi, fupi, lenye bega laini linalofuata mwili, aliliita shati lenye kiburi. Mimi niliyekuwa nikimshonea vifungo nilicheka tu.

Kumbe alikuwa na lake moyoni. Mwanawe wa pekee alizaliwa bega la kushoto limeshuka. Tangu utoto kila koti lake lilitiwa pedi nene upande ule, mpaka majirani wakasahau. Koti la Kiingereza husitiri. La Kiitaliano halina siri.

Sasa kijana anaoa, na anataka Kiitaliano.

“Mwanangu, utaaibika mbele za watu.”

“Baba, nishonee hivyo hivyo.”

“Wakwe watasemaje?”

“Watasema nina bega.”

Fundi akawa hali, halali. Hata hivyo alikata kitambaa. Nikamwambia, “Shemeji, mwenye mwili ni yeye. Wewe una sindano tu.” Akaendelea kukata.

Asubuhi ya harusi koti lilikuwa tayari, zuri ajabu. Lakini nilipolipiga pasi nikagusa pedi nyembamba ndani ya bega la kushoto.

“Kidogo tu, shemeji,” alinisihi. “Hakuna atakayejua. Wakimcheka leo, mimi nitakufa.”

Nilikasirika, lakini nilimhurumia pia.

Kijana akalivaa mbele ya kioo. Akapapasa bega mara moja tu, uso ukamsawajika. Angepiga kelele ingekuwa nafuu.

“Baba, mchumba wangu ndiye aliyechagua mtindo huu. Anasema amechoka kushika sponji. Nami nikamwapia kwamba baba yangu hanionei aibu.”

“Ngoja, naitoa! Dakika moja!” Fundi akamvua koti, akadaka mkasi, akafumua kwa pupa hata akapasua bitana.

“Shati linatosha,” kijana akasema, akatoka.

Harusini hakuna aliyecheka. Wakwe walimkumbatia bwana harusi kwa bega lile lile. Fundi alikaa kiti cha nyuma kabisa, koti mapajani, machozi yakimtiririka. Ilipofika picha ya familia, kijana alituita wote, mpaka mimi wa vifungo. Baba yake hakumwita.