Ngiri ya Mgongoni na Viti vya Wageni

Ngiri ya wanaume wengine hukaa chini, mahali pasipotajwa mbele ya wakwe. Yangu ilichagua mgongoni, upande wa kushoto, kati ya mbavu na nyonga. Nilipowaambia majirani hapa kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka kwamba nina ngiri, waliitazama suruali yangu kwa huruma, ikabidi nivue shati kila mara kulinda heshima yangu.

Mara ya kwanza nilipasuliwa, nikashonwa, nikarudi nyumbani. Wiki hiyo hiyo wanakwaya wakaja kumshukuru Mungu. Sisi wa Bukavu tunaweza kulala njaa, lakini mgeni asimame ndani ya nyumba, hapana. Viti havikutosha. Nikanyanyua cherehani yangu kutoka kwenye benchi ili wapate pa kukaa. Waliimba vizuri sana. Kabla ya ubeti wa mwisho uvimbe ulikuwa umerudi, nami nikawa naitikia amina kwa hasira.

Safari ya pili nilipelekwa Lilongwe. Mama mmoja wa Kindu, mfanyabiashara wa mtaa wa Chilinde anayejua Chichewa, alinitafsiria.

"Docteur anasema iko nadra sana," aliniambia. "Anaita benzake bakuje kuiangalia."

Madaktari watatu walinitazama mgongo, nikajiona mtu mkubwa. Kisha mama akaacha kutabasamu. Nyama ya pale imechoka, alisema, safari hii watatia wavu, na ikifunguka tena huenda pasiwe na pa kushikiza uzi. Mimi ni fundi nguo. Hilo nililielewa upesi kuliko nilivyotaka. Niliogopa. Hata hivyo nikamtuma amwambie daktari kwamba kiraka kipite tundu pande zote, la sivyo kitang'oka pembeni. Daktari alicheka, akajibu kwamba ndivyo wanavyofanya. "Zikomo," nikamshukuru kwa Chichewa changu cha kuokoteza, kama msimamizi aliyeridhika na kibarua.

Niliporudi na wavu wangu umeshashonewa mgongoni, mke wangu alikuwa ameshatoa tangazo kanisani.

"Mwenye kuja kuona bwana yangu, akuje na kiti yake."

Nilitamani ardhi inimeze. Tangu lini mgeni akabeba kiti? Jumapili wakaja, viti vichwani, msururu mrefu kana kwamba wanahama tena. Mzee wa kanisa alikuja na kigoda cha jikoni. Mimi nimekaa tu, nimefumbata mikono, aibu inanichoma. Nilipomwona mama mmoja amesimama bila kiti, nikaanza kujisogeza ninyanyuke.

"We, kaa," mke wangu alisema. "Mi siwezi kuzika mutu sababu ya kiti."

Nikakaa. Yule mama akasimama mpaka sala ikaisha, na hakufa.

Walipoondoka, mke wangu alifunga mlango, akanigeuza, akaweka kiganja juu ya kovu kama alivyoelekezwa hospitalini.

"Kohoa."

Nikakohoa. Hakuna kilichosukuma mkono wake.

"Tena."

Nikakohoa tena, na tena. Kovu lilitulia. Ndipo naye akavuta kiti, akakaa.