Wateja wa Dada Yake Domo

Mcheshi ambaye watu wote wanamwita Domo ana dada mkubwa, fundi cherehani. Wengi hawalijui hilo, na dada mwenyewe hana haraka walijue.

Walilelewa chumba kimoja, baba fundi bomba, mama dobi. Walilala godoro moja, dada upande wa ukutani. Domo alikuwa akipanda juu ya stuli kuwaigiza majirani, mama anacheka mpaka anakaa chini na nguo mbichi mikononi. Koti lake la kwanza la jukwaani alishonewa na dada, kwa mkono, kutokana na pazia kuukuu. Ndani, kushoto, akamwekea kimfuko cha kipande cha mkate, maana mtoto yule njaa ilikuwa ikimshika katikati ya maneno.

Domo akapanda chati. Dada akabaki kwa mwalimu wake wa ushonaji, akitia vifungo, kisha mapindo, kisha suruali, hadi akaaminiwa kukata suti. Alipofungua chumba chake hakubandika picha ya Domo hata moja. Alitaka mtu aje kwa ajili ya mshono.

Wakaja, tena wengi. Moyoni alijivuna. Ila machale yakaanza kumcheza. Karani wa benki alitaka koti lenye mfuko wa ndani, kushoto. Bibi harusi naye, gauni, mfuko wa ndani, kushoto. Fundi akamkazia macho, akashona.

Sasa kaja mwalimu wa kwaya. Majoho ya kwaya nzima, kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata.

"Na mfuko wa ndani, fundi. Kushoto."

"Joho na mfuko wapi na wapi, mama? Mnaimba au mnakwenda sokoni?"

Mwalimu akacheka, lakini macho yakakimbilia dirishani. "Nimesikia tu mifuko yako mizuri."

"Kwa nani?"

Mwalimu akaanza kukunja mkanda wa mkoba wake. Fundi akachukua simu, akapiga mbele yake.

"Domo, unanitumia watu?"

Mcheshi hakutania. Akajibu kwa sauti ndogo: "Nawaambia waulizie ule mfuko, Dada. Ukishtuka, wajue wamefika kwako."

"Kumbe hata mmoja hakuja kwa mkono wangu!"

"Mi nawatuma mara moja tu. Wakirudi, wanarudi wenyewe."

Fundi akakata simu. Kweli karani alirudi, na wenzake wawili. Au nao walitumwa? Nani angemwambia?

"Basi kazi imekufa?" mwalimu akauliza.

"Nitashona joho moja, bila mfuko. Mvalishe mwimbaji wako mwenye maneno kuliko wote. Asiambiwe mimi ni nani. Akilisifu, leta vitambaa vyote. Akilikataa, katafute fundi mwingine, na Domo umwambie hivyo hivyo."

"Nimekubali."

Amekubali upesi mno, fundi akawaza. Akamtazama kuanzia kichwani hadi kwenye viatu, ndipo akavuta futi yake shingoni.

"Huyo mwenye maneno ana mabega mapana kama yako? Haya, nikupime wewe badala yake. Nyoosha mgongo."